Barua ya wazi kwa wakuu wa Jeshi la Wanamaji la Uingereza: mkijenga destroya mpya, acheni nafasi

Kwa Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, kwa Mkuu wa Jeshi la Wanamaji, na kwa wahandisi wote mnaochora manowari itakayorithi Type 45, destroya zenu za sasa, yaani manowari za kulinda meli nyingine dhidi ya ndege na makombora.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Mombasa. Mimi ni sekondi injinia wa meli za mizigo na nimekula chumvi ya bahari miaka 19. Kwenu sipigi kura wala silipi kodi. Kilichonipa ujasiri wa kushika kalamu ni usiku wa tarehe 9 Januari 2024, tulipokuwa tukishuka Bahari ya Shamu na ngano ya kuja kushushwa hapa Kilindini.

Kabla ya kuingia eneo la hatari tulifanya kila ambacho meli isiyo na silaha inaweza kufanya. Jenereta zote tatu ziliwashwa na kuunganishwa pamoja, ili moja ikizima mbili zilizobaki ziubebe mzigo. Mota zote mbili za usukani zilikuwa zikizunguka. Milango ya nje ilikazwa kwa ndani, taa za deki zikazimwa, na kila asiyekuwa na zamu kwenye briji, chumba cha kuongozea meli, akateremka chumba cha injini, ambacho ndicho ngome yetu. Ilipopita saa tatu usiku simu ya briji ikalia. Kapteni alisema maneno machache tu: manowari ya Waingereza iliyo upande wetu wa kushoto imeanza kurusha makombora ya kudungua, mtu yeyote asipande juu.

Watu wa nchi kavu hudhani tulisikia milipuko. Chini kule hakusikiki kitu. Injini kuu ikiwa inanguruma, hata mbingu ipasuke hutajua. Nilisimama mbele ya paneli nikitazama joto la maji ya kupozea: nyuzi 36, nyuzi 36, nyuzi 36. Kadeti wetu, kijana wa Kwale aliyekuwa katika safari yake ya kwanza, akaniuliza, "Sekondi, wakikosa je?" Nilimpa daftari nikamwambia aandike joto lile kila baada ya dakika 5. Sikuwa na jibu jingine la kumpa. Alfajiri tulipofungua milango niliiona manowari yenyewe kwa mbali, ya kijivu, na mlingoti wake mrefu wenye tufe juu. Kwa tufe lile nikajua ni Type 45.

Baadaye tuliisoma hesabu ya usiku ule: droni 18, makombora 2 ya kruzi (yarukayo chini kama ndege) na kombora 1 la balistiki (liporomokalo kutoka juu). Jumla 21, kwa usiku mmoja, zote zikirushwa na Wahouthi wa Yemen kuelekea njia ya meli. Ndege na manowari za Wamarekani ziliangusha nyingi, na HMS Diamond yenu ikaangusha droni 7. Hakuna meli iliyopigwa. Nashukuru, na shukrani hii nimeitanguliza kwa sababu yanayofuata ni mazito kidogo.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma kila ninachokipata juu ya destroya, kama mgonjwa anavyosoma juu ya maradhi yake. Na neno nililo nalo kwenu ni moja. Kombora la mwaka 2050 hakuna anayejua litakuwaje, si nyinyi wala si wanaolibuni. Lakini bodi la meli mnalolichora sasa litakuwa bado linaelea mwaka huo. Basi kitakachoiokoa meli hiyo ni nafasi mtakayoiacha ndani yake leo: umeme wa ziada, upoozaji wa ziada, uzito ambao haujatumiwa, mashimo ya kurushia makombora ambayo bado hayana kitu. Watu wa bajeti wakikaa na kalamu, nafasi hiyo ndiyo inayokatwa kwanza. Kwenye karatasi inaonekana kama chumba kisicho na mpangaji.

Mfano mnao wenyewe. Destroya yenu HMS Zealous iliingia kazini mwaka 1944, imepangwa mizinga ya kupambana na meli na ndege za vita vile. Miaka 11 baadaye iliuzwa Israeli, ikapewa jina la Eilat. Tarehe 21 Oktoba 1967, nje ya Port Said, boti ndogo za Misri ziliirushia makombora ya Styx zikiwa bado ndani ya bandari. Eilat ikazama na watu 47 wakafa. Bodi halikuwa bovu. Kwa meli ya chuma iliyotunzwa, miaka 23 si uzee. Ilichokosa ni njia yoyote ya kuliona kombora mapema na kulizuia, na haikujengwa ili iweze kuongezewa njia hiyo.

Ya HMS Sheffield mnaijua kuliko mimi. Kombora la Exocet liliipiga tarehe 4 Mei 1982 kwenye vita vya Falkland, watu 20 wakafa, na baada ya siku 6 ikazama ikiwa inavutwa. Wengi huzungumzia kombora. Mimi kila nikisoma habari zile nakwama kwenye bomba. Pigo lile lilivunja bomba kuu la maji ya kuzimia moto, presha ikapotea, na wanaume waliokuwa wazima, wenye mipira mikononi, wakabaki wakiitazama meli yao ikiungua. Fundi yeyote wa injini akiyasoma hayo huiona mikono yake mwenyewe kwenye valvu ile.

Sasa nije kwenye jambo ninalolijua kwa mikono.

Agosti moja, kwenye meli nyingine ambayo sitaitaja, tulikuwa kusini mwa Bahari ya Shamu. Maji ya bahari yalikuwa nyuzi 33. Mitambo mingi ya meli hupimwa kwa maji ya nyuzi 32 na hewa ya nyuzi 45, maana yake tulikuwa tumeshavuka mstari kabla hata ya kitu kuharibika. Kipozeo kimoja kilikuwa kimejaa matope na magamba ya chaza kwa sababu bandari iliyopita hatukupewa saa za kukifungua. Jenereta namba 2 ikapanda joto, ikajizima. Namba 1 ikarithi mzigo wote, ikaelemewa, nayo ikazima. Halafu ukaja ule ukimya. Aliyewahi kuusikia hausahau: feni zinapungua sauti moja moja, pampu zinasimama, taa zinakufa, na tani 50,000 za chuma na shehena zinaendelea kwenda zenyewe bila usukani. Ilituchukua dakika 20 kurudisha kila kitu. Jasho lilinitoka mpaka viatu vikalowa ndani. Hatukuwa tunalengwa na mtu. Ilikuwa mchana mtulivu tu.

Kwa hiyo niliposoma yaliyozipata Type 45 zenu, sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Meli zile huendeshwa kwa umeme: tabaini mbili za gesi aina ya WR-21 na jenereta mbili za dizeli huzalisha umeme wa kila kitu, kuanzia mapanga ya kusukuma meli mpaka rada. Tabaini ile ina kipozeo katikati ya hatua zake za kukandamiza hewa, na kwenye joto la Ghuba kipozeo hicho kilishindwa. Ingekuwa nguvu inapungua taratibu, wangeweza kuishi nayo. Ilikuwa inakatika. Tabaini ikijiondoa, dizeli mbili ndogo zinaachiwa mzigo zisiouweza, na meli nzima inalala giza. Mwaka 2016 kamati ya ulinzi ya Bunge lenu iliambiwa kwamba hali ya Ghuba haikulingana na masharti ambayo mitambo iliundiwa. Julai ya mwaka huohuo destroya zenu zote 6 zilionekana zimefungwa gatini Portsmouth kwa wakati mmoja.

Mmekuwa mkilirekebisha. Kule Birkenhead dizeli mbili zinatolewa na kuwekwa tatu kubwa zaidi, na HMS Dauntless ilikuwa ya kwanza kupitia mkono wa mafundi. Ni kazi nzuri na nawapongeza waliotoka jasho kuifanya. Lakini fikirini gharama ya kuitoa dizeli iliyokwisha kuzungukwa na mabomba, nyaya na kuta za chuma, meli ikiwa imeshakabidhiwa, ukilinganisha na gharama ya kuacha nafasi ya dizeli ya tatu siku ile mkuku unalazwa. HMS Daring ilitoka kazini 2017, na hadi 2025 ilikuwa haijarudi. Meli ya kwanza ya kundi lake, na imepoteza sehemu kubwa namna hiyo ya maisha yake ikiwa kando ya gati.

Lipo jambo la kutisha zaidi, na sijaona likisemwa waziwazi. Kanuni za kimataifa za usalama wa meli za biashara zinaipa jenereta ya dharura sekunde 45 iwe imewaka na kubeba mzigo. Shikeni hesabu hiyo. Rada ya Type 45 imewekwa juu sana kwa makusudi, kama mita 30 juu ya maji, ili ione mbali. Kwa urefu huo, kombora linalopita mita 3 juu ya mawimbi linachomoza kwenye upeo likiwa umbali wa kilomita 30 hivi. Likienda kwa mwendo wa Exocet, karibu na kasi ya sauti, linafika kwa dakika moja na nusu. Likienda mara tatu ya kasi ya sauti, linafika kwa nusu dakika. Nusu dakika! Taa za dharura hazijawaka bado. Anayesema umeme ni suala la mafundi na makombora ni suala la maofisa wa vita hajawahi kuziweka saa hizo mbili pamoja mezani.

Na siku hizi haliji kwa kupapasa maji tu. Wahouthi ndio waliokuwa wa kwanza duniani kuzirushia meli makombora ya balistiki vitani, yanayoshuka kutoka juu kama jiwe. Tarehe 24 Aprili 2024 HMS Diamond ilidungua moja. Meli iliyoingia kazini 2011 kwa kazi ya kuzuia ndege na makombora ya kruzi ikafanya kazi ambayo haikuwa ndiyo sababu ya kujengwa kwake. Iliweza kwa sababu rada yake ilikuwa na uwezo wa ziada na kombora lake la kudungua, Aster, lilikuwa na nafasi ya kukua. Vilevile, katika michoro ya kwanza mliacha uwazi mbele, kati ya mzinga na mashimo ya Aster. Kwa miaka mingi wapo waliouita uwazi ule upotevu. Leo ndimo mnamoweka makombora 24 ya Sea Ceptor, ili mashimo 48 ya zamani yabebe Aster za masafa marefu (aina iitwayo Aster 30) peke yake na jumla ya makombora iwe 72. Hiyo ndiyo hoja yangu, na mmeithibitisha nyinyi wenyewe kwa chuma.

Babu yangu alikuwa fundi wa majahazi Matondoni, Lamu. Alijenga kwa macho, bila mchoro, kwa ajili ya tanga na upepo wa kusi na kaskazi. Injini za dizeli zilipoingia, wenye vyombo wote walizitaka. Yapo majahazi yaliyozipokea kwa sababu fundi aliyaachia upana kwenye tezi na mbao nene kuzunguka mkuku. Mengine yalijengwa kwa kubana, kila ubao umepimwa kwa kazi ya siku ile; injini ikitetemeka miezi mitatu, kalafati inaanza kutoka na maji yanaingia. Babu hakujua kwamba injini inakuja. Alikuwa akisema tu kwamba chombo kitamzika aliyekijenga, na huwezi kumchagulia mjukuu wako shehena.

Wamarekani wameyaona hayo kwa njia yao. Destroya yao ya kwanza ya Arleigh Burke iliingia kazini 1991, na bodi lilelile bado wanalijenga. Kwenye toleo la Flight III, ambalo meli yake ya kwanza, USS Jack H. Lucas, ilikabidhiwa kazi Oktoba 2023, waliweka rada mpya ya SPY-6. Ili kuilisha, walilazimika kupanda mpaka umeme wa volti 4,160 (meli yangu inakwenda kwa 440) na kuongeza mitambo ya kupoza. Wameweza, lakini bodi limejaa. Ndiyo maana walianza kuchora destroya mpya kabisa yenye nafasi ya umeme. Nawasihi msingoje mpaka bodi lenu lijae.

Juu ya leza, silaha ya mwanga, nitasema machache. DragonFire yenu ilijaribiwa dhidi ya shabaha za angani Januari 2024, na mmesema kila pigo linagharimu chini ya pauni 10, kisha mkaahidi kuiweka kwenye Type 45 kuanzia 2027. Naiombea heri. Mimi nimeuona upepo wa Bahari ya Shamu ukileta vumbi mpaka deki inageuka rangi ya tofali, kwa hiyo nataka kujua itaonaje ndani ya vumbi lile na itapiga droni ngapi kwa dakika moja. Na hata ikiona vizuri, leza ni mla umeme na mla maji baridi. Tumerudi palepale.

Suala la ghala la makombora nalitazama kama mtu aliyezoea kuhesabu akiba ya mafuta. Mashimo 48. Kwa shabaha ya hatari mara nyingi hurushwa makombora mawili ili kuwa na uhakika. Hapo una shabaha 24, na usiku ule wa Januari peke yake zilikuja 21. Mngekuwa peke yenu, bila Wamarekani, asubuhi tungeamkia wapi? Aster moja inatajwa kugharimu zaidi ya pauni milioni moja, na droni inayoangushwa nayo hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Mabaharia wenu walitumia mizinga midogo pale walipoweza, na walifanya vyema. Wamarekani walieleza mwanzoni mwa 2025 kwamba katika miezi 15 walirusha huko karibu risasi na makombora 400: makombora ya kudungua ya SM-2 yapata 120, ya SM-6 yapata 80, na risasi 160 za mizinga ya inchi 5. Hizo risasi 160 zinanipa matumaini kuliko leza, kwa sababu mzinga mzuri wenye risasi zinazojipasua karibu na shabaha upo tayari, mafundi wake wapo, na risasi zake hujaa kwenye ghala dogo.

Kisha yakiisha? Februari 2024 HMS Diamond iliondoka zamu ikaenda Gibraltar kwa matengenezo na mahitaji, manowari nyingine, HMS Richmond, ikashika nafasi yake. Kutoka Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu, mpaka Gibraltar ni zaidi ya maili 3,000 za baharini. Kwa mwendo wa noti 18 (maili 18 za baharini kwa saa) ni wiki nzima kwenda, na wiki nyingine kurudi. Mafuta mnapeana baharini kwa mpira tangu zama za babu zetu, lakini kombora la kwenye shimo la wima lazima lipakiwe bandarini penye maji matulivu na kreni. Oktoba 2024 Wamarekani walijaribu kulipakia meli ikiwa safarini, manowari USS Chosin ikiwa ubavuni mwa meli ya shehena nje ya San Diego. Jaribio lilifaulu. Mkichora meli mpya, mahali pa kufungia mtambo wa namna hiyo pawepo kwenye mchoro wa kwanza, pamoja na deki yenye nguvu ya kuubeba. Kuja kuuchomelea baadaye ni kurudia ya dizeli.

Lakini yote hayo ni bure ikiwa anayejua hasikilizwi, na hapa nawaomba msome kwa utulivu. Machi 2024 frigeti ya Denmark, Iver Huitfeldt, ilikuwa ikipambana na droni kwenye Bahari ya Shamu. Rada na mfumo wa vita vikashindwa kuelewana, na kwa karibu dakika 30 haikuweza kurusha makombora yake. Sehemu kubwa ya risasi za mzinga zilipasuka mapema, mara tu baada ya kutoka mdomoni. Waliangusha droni 4 na wakatoka salama kwa rehema za Mungu. Kapteni aliandika ripoti. Kilichofuata kinaumiza: taarifa ile haikumfikia waziri kwa njia iliyopaswa, ikamfikia kupitia vyombo vya habari, na mkuu wa majeshi akaondolewa mwezi uliofuata. Meli ya kisasa, rada nzuri, makombora mazuri, na vitu hivyo viwili havizungumzi.

Kwetu sisi wa mashine hilo si geni. Mtu wa zamu anaandika kwenye daftari kwamba pampu inavuja. Anaandika tena. Anaandika mara ya saba. Ofisini anajibiwa kwamba safari inayofuata italetwa mpya. Siku inapopasuka, wa kwanza kuulizwa ni yeye. Kwenye manowari yenu mpya wekeni njia ambayo fundi wa ngazi ya chini kabisa, aliyeona programu mbili zikigongana kwenye majaribio, anaweza kuandika na ikasomwa na mwenye mamlaka ya kusimamisha malipo. Na programu zenyewe ziwe zinaweza kubadilishwa haraka, kwa wiki, meli ikiwa kazini, maana adui wa Bahari ya Shamu alikuwa akibadilisha mbinu zake haraka kuliko ofisi zinavyobadilisha fomu.

Idadi nayo siwezi kuiacha. Mlipanga Type 45 ziwe 12. Zikawa 8. Zikawa 6. Meli sita, ukitoa zilizo matengenezoni na zilizo mafunzoni, hubaki ngapi za kusimama kwenye mlango wa bahari? Heri meli nyingi zenye nafasi ndani yake, ambazo zitajazwa kidogokidogo fedha zikipatikana, kuliko chache zilizokamilika kila kona siku ya uzinduzi na zisizoweza kuongezewa hata kabati.

Mtauliza haya yanamhusu nini mtu wa Mombasa. Februari 2024 meli ya Rubymar ilipigwa kombora ikiwa na zaidi ya tani 20,000 za mbolea. Ilielea siku kadhaa ikiburuta nanga, kisha ikazama tarehe 2 Machi. Katikati ya siku hizo nyaya za intaneti chini ya bahari zikakatika, na inaaminika ni nanga ile. Mmoja wa waya hizo ni wa Seacom, kwenye kipande kinachotoka hapa Mombasa kwenda Zafarana, Misri. Duka la pembeni mwangu linalotuma pesa lilikaa likizungusha alama ya kusubiri. Meli zilizoikimbia njia ile zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, siku 10 mpaka 14 zaidi, na bei ikaja kulipwa na mama anayenunua unga Kongowea.

Na mabaharia wenzetu walikufa. Kwenye meli ya True Confidence, tarehe 6 Machi 2024, watu watatu. Destroya ya India, INS Kolkata, iliwaokoa waliobaki. Kabla ya hapo, Januari, tanki ya Marlin Luanda ilipoungua Ghuba ya Aden, destroya nyingine ya India, INS Visakhapatnam, ilipeleka wazima moto wake wakaingia kwenye meli ya watu wengine, juu ya mafuta yanayowaka, na wakauzima. Nawataja kwa heshima. Julai 2025 meli za Magic Seas na Eternity C zilizamishwa ndani ya wiki moja, na pembeni yao hapakuwa na manowari.

Ninachoomba kinaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja. Mchoro wa manowari itakayorithi Type 45 utakapoletwa mezani kwenu kutiwa saini, ombeni ukurasa wa kwanza uonyeshe megawati ngapi zinabaki bure kila kitu kikiwa kimewashwa, tani ngapi za uzito zinabaki kabla meli haijafika mwisho wake, mashimo mangapi ni matupu, na joto la maji ya bahari lililotumika kwenye hesabu. Kama joto hilo ni la Portsmouth, rudisheni mchoro. Tumieni maji ya Bahari ya Shamu ya mwezi wa Agosti, muongeze nyuzi 3 juu yake, kisha mzime jenereta moja, mpige hesabu upya. Na tarakimu hizo zisiguswe na mtu wa bajeti bila jina lake kuandikwa pembeni.

Yule kadeti wa Kwale sasa ni injinia wa nne. Mwezi ujao anapanda meli itakayopita Bab el-Mandeb. Alikuja nyumbani juzi kuniaga, akaniuliza kama bado ninalo lile daftari aliloandika joto usiku ule. Nilikuwa nalo. Nimempa aende nalo.

Wenu kwa heshima,

Sekondi injinia wa meli za mizigo
Mombasa